Rangi Halisi ni Ipi? Picha za Mirihi na Msamiati wa Rangi katika Kiswahili



1.0 Utangulizi

Tarehe 20 Julai 1976, chombo cha Marekani kiitwacho Viking 1 kilitua salama juu ya sayari ya Mirihi. Siku iliyofuata kilipiga picha yake ya kwanza ya rangi. Picha hiyo ilipotolewa hadharani ilionyesha ardhi ya kahawia, mawe yaliyotapakaa kila upande, na juu yake anga la samawati, mfano wa anga la mchana mkavu hapa duniani. Haukupita muda mrefu wanasayansi wakabaini kwamba mizani ya rangi ilikuwa na kosa. Walipokwisha kuisahihisha, wakatangaza kwamba anga la Mirihi si samawati bali lina rangi ya waridi iliyoingiliana na manjano. Carl Sagan, aliyekuwa miongoni mwa wanasayansi wa picha za Viking, anasimulia katika kitabu chake Cosmos cha mwaka 1980 kwamba waandishi wa habari waliokusanyika walilipokea tangazo hilo kwa kuzomea, japo kwa utani. Anaeleza kuwa walitamani Mirihi ifanane na Dunia hata kwa jambo hilo moja.

Kisa hicho hukumbukwa zaidi na wanafizikia kuliko wanaisimu. Hata hivyo, ndani yake limo swali linaloihusu isimu moja kwa moja. Picha ya kwanza ilipoitwa yenye makosa na ya pili ikaitwa sahihi, usahihi ulipimwa kwa kitu gani? Hakuna jicho la binadamu lililowahi kusimama juu ya Mirihi. Kwa hiyo anayesema "hii ndiyo rangi halisi ya mahali pale" hatoi ushahidi wa macho, anatoa hoja. Na hoja hutolewa kwa maneno.

Mhadhara huu una madhumuni matatu. Kwanza, kueleza kwa ufupi namna rangi za picha zipigwazo na vigari vya utafiti zinavyopatikana na kupimwa. Pili, kuonyesha kwamba Kiswahili, kwa jinsi kinavyozitaja rangi, kimekuwa kikitumia kanuni iyo hiyo ya upimaji tangu zamani. Tatu, kujadili istilahi zinazotumiwa kufasiri habari hizo, kwa kuwa istilahi moja iliyochaguliwa vibaya inaweza kumfanya msomaji aamini kwamba amedanganywa.

2.0 Kamera haioni rangi

Kihisio cha kamera hupokea mwanga na kuupima kwa wingi wake tu. Hakijui wekundu wala ukijani. Ili rangi ipatikane, mwanga hauna budi kupitishwa kwanza katika vichujio, kila kichujio kikiruhusu sehemu fulani ya mawimbi na kuzuia nyingine. Picha tatu za namna hiyo zikiunganishwa, moja ikipewa nafasi ya nyekundu, ya pili ya kijani na ya tatu ya buluu, ndipo picha ya rangi inapozaliwa. Jicho la binadamu nalo hufanya kazi inayokaribiana na hiyo, kwani lina aina tatu za seli koni zinazohisi sehemu tofauti za mwanga. Tofauti ni kwamba vichujio vya jicho hupishana kwa kiasi kikubwa, ilhali vya kamera za utafiti mara nyingi ni vyembamba na vimechaguliwa kwa shabaha nyingine.

Vigari viwili vya Spirit na Opportunity, vilivyotua Mirihi mwezi Januari 2004, vinatoa mfano mzuri. Kila kimoja kilibeba juu ya mlingoti wake jozi ya kamera iliyoitwa Pancam, na kila kamera ilikuwa na gurudumu la vichujio lenye nafasi 8. Vichujio hivyo havikuwekwa ili kumfurahisha mtazamaji. Vilikusudiwa kumsaidia mwanajiolojia kutofautisha madini, hususan yale yenye chuma, ambayo hutofautiana sana katika mawimbi ya infraredi yasiyoonekana kwa macho. Kamera ya kushoto ilikuwa na kichujio cha nanomita 753, ambacho kimevuka mpaka wa wekundu unaoonekana vizuri na jicho, pamoja na vingine vya nanomita 673, 601, 535, 482 na 432.

Hapo ndipo chaguo la kwanza linapofanyika. Mtaalamu akiunganisha picha za nanomita 601, 535 na 482, hupata picha inayokaribia kile ambacho jicho lingekiona. Akiunganisha 753, 535 na 432, hupata picha yenye tofauti kubwa zaidi za rangi, ifaayo kwa uchambuzi wa mawe, lakini isiyolingana na jicho. Picha zote mbili zimetokana na mwanga uleule, mawe yaleyale na siku ileile. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Picha ya rangi nayo imeundwa, na msomaji ana haki ya kujua imeundwaje.

3.0 Kisahani cha vipimo

Wabunifu wa Pancam walijua kwamba swali la rangi lingeulizwa. Kwa sababu hiyo, juu ya kila kigari waliweka kisahani kidogo cha kusawazishia rangi, chenye miduara ya kijivu ya viwango mbalimbali na, pembeni, vibao vinne vya rangi: buluu, kijani, manjano na nyekundu. Katikati kilisimamishwa kijiti, hivyo kisahani kikawa pia saa ya jua. Juu yake yaliandikwa maneno yenye maana ya "dunia mbili, jua moja", na jina la sayari hiyo likachorwa kwa lugha nyingi.

Kazi ya kisahani ni rahisi kueleza. Vibao vyake vilipimwa hapa duniani kabla ya safari, kwa hiyo rangi zake zinajulikana. Kigari kikikipiga picha kisahani hicho kule Mirihi, mtaalamu hulinganisha kinachoonekana na kinachojulikana, kisha hurekebisha. Kijiti nacho kina faida yake: sehemu iliyo kivulini huangazwa na anga peke yake, na sehemu iliyo nje ya kivuli huangazwa na jua pamoja na anga. Kwa kulinganisha sehemu hizo mbili, rangi ya mwanga wa anga hupimika. Baadaye vumbi lilipoanza kutua juu ya kisahani, hesabu zilibidi zilizingatie vumbi hilo nalo, maana kipimo kilichochafuka hupotosha kila kitu kinachopimwa kwacho.

Mapema mwaka 2004 lilizuka jambo lililowatia watu wengi shaka. Katika baadhi ya picha zilizosambazwa, kibao cha buluu hakikuonekana buluu hata kidogo. Kilionekana kikielekea waridi. Wapo walioona kuwa huo ndio ushahidi kwamba rangi za Mirihi zinapakwa makusudi ili sayari ionekane nyekundu kuliko ilivyo. Maelezo yake yalikuwa ya kawaida kabisa. Dutu ya buluu iliyotumika katika kibao kile huakisi kwa nguvu mawimbi ya infraredi, ambayo jicho haliyaoni. Katika picha hizo nafasi ya nyekundu ilijazwa na kichujio cha nanomita 753. Kibao kikarudisha mwanga mwingi katika kichujio hicho, na mwanga huo ukaandikwa kama wekundu. Kibao kilikuwa buluu kwa jicho na chenye "wekundu" kwa kichujio, bila mtu yeyote kukipaka rangi.

Funzo la kisa hicho ni kwamba kosa halikuwa katika kamera wala katika mawe. Lilikuwa katika maelezo ya picha. Lau kila nakala ingeandamana na sentensi moja yenye kutaja vichujio vilivyotumika, shaka hiyo ingekosa pa kusimama.

4.0 Mwanga wa kule na mwanga wa huku

Hata vichujio vikilingana na jicho, swali la pili hubaki: kitu kitazamwe chini ya mwanga upi? Hewa ya Mirihi ni hafifu mno; mgandamizo wake haufiki asilimia 1 ya ule wa Dunia. Kama ingekuwa safi, anga lake lingekuwa la giza. Lakini humo huelea vumbi laini lenye oksidi za chuma, yaani jamii ya kutu. Vumbi hilo hufyonza sehemu ya buluu ya mwanga, na matokeo yake ni mwanga wa mchana unaoelekea manjano na kahawia. Karatasi nyeupe ikiwekwa pale, mwanga utakaorudi kutoka kwake hautakuwa mweupe kwa kipimo cha hapa.

Wakati wa machweo mambo hugeuka. Chembe zilezile za vumbi, kwa ukubwa wake, huusukuma mwanga wa buluu mbele zaidi katika uelekeo wa jua kuliko mwanga wa rangi nyingine. Kwa hiyo anga linalolizunguka jua linalozama huwa la samawati, huku sehemu nyingine zikibaki na rangi ya vumbi. Spirit alipiga picha mashuhuri ya machweo hayo mwezi Mei 2005, na kigari Curiosity, kilichotua mwezi Agosti 2012, kikapiga picha za namna hiyo mwezi Aprili 2015. Dunia ina mchana wa samawati na machweo mekundu. Mirihi ina mchana wa rangi ya vumbi na machweo ya samawati.

Wataalamu wa Curiosity walizoea kutoa picha moja kwa sura zaidi ya moja. Sura ya kwanza ni ghafi, kama ilivyotoka katika kamera. Ya pili hukadiria mandhari kama ambavyo yangeonekana chini ya mwanga wa Mirihi. Ya tatu husawazishwa ili mawe yaonekane kana kwamba yameangazwa na mwanga wa Dunia. Sura hii ya tatu hulifanya anga lielekee samawati, na mtazamaji asiyeelezwa anaweza kudhani kuwa ndiyo kweli iliyofichwa. Kumbe madhumuni yake ni kumwezesha mwanajiolojia kuyatambua mawe kwa mazoea aliyoyapata Duniani.

Ubongo wa binadamu nao hufanya usawazishaji wake. Mtu asomaye kitabu chini ya taa ya mafuta huziona kurasa zake nyeupe, ingawa mwanga unaorudi machoni mwake ni wa manjano. Mtu ambaye angekaa Mirihi kwa siku kadhaa huenda angeyaona mazingira yake kwa namna isiyolingana kabisa na picha yoyote kati ya hizo. Basi maneno "rangi halisi" yana maana tatu angalau: rangi ya mwanga unaolifikia jicho mahali pale, rangi ya kitu chenyewe kikiangazwa na mwanga wa kipimo, na rangi ambayo mtu aliyezoea mahali pale angehisi kuwa anaiona. Kila moja ni halisi kwa upande wake. Zikichanganywa, mjadala hauishi.

5.0 Kiswahili na kanuni ya kulinganisha

Sasa inafaa kuigeukia lugha. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyopokea upatanisho wa ngeli moja kwa moja: -eupe, -eusi na -ekundu. Husemwa jiwe jekundu, mawe mekundu, kigari chekundu, udongo mwekundu. Rangi nyingine zote hutajwa kwa a-unganifu: jiwe la kijani, mawe ya kahawia, vumbi la manjano. Mgawanyo huo unaafikiana na utaratibu uliopendekezwa na Brent Berlin na Paul Kay katika kitabu chao cha mwaka 1969 kuhusu majina ya msingi ya rangi, ambamo Kiswahili kilikuwa mojawapo ya lugha 20 zilizochunguzwa kwa majaribio. Kwa mujibu wa utaratibu huo, nyeupe na nyeusi hutangulia, kisha hufuata nyekundu, na nyingine huja baadaye.

Jambo linalohusu mada hii ni lile la a-unganifu. Msemaji anapotumia kiunganishi hicho, mara nyingi hutaja kitu cha kulinganishia. Kijani hutokana na jani. Kahawia hutokana na kahawa. Kijivu ni jivu. Manjano ni kiungo cha jikoni kabla ya kuwa rangi, na zambarau ni tunda. Rangi ya damu ya mzee huwakilisha wekundu uliokolea na kufifia kwa pamoja, na mtu wa maji ya kunde hueleweka mara moja kwa yeyote aliyewahi kuona kunde zikichemshwa. Katika kila mfano, kitu kinachojulikana nyumbani, shambani au sokoni kimefanywa kipimo cha kitu kisichojulikana. Hicho ndicho kisahani cha Pancam. Wabunifu wa Marekani waliweka vibao vya rangi juu ya kigari. Wasemaji wa Kiswahili waliviweka katika lugha.

Kanuni hiyo ina nguvu na ina mpaka. Nguvu yake ni kwamba kipimo kiko wazi, na anayebisha anaweza kwenda kulitazama jivu. Mpaka wake huonekana pale kipimo kinapoachwa nyuma. Neno samawati, lenye asili ya Kiarabu, maana yake ni ya mbinguni. Ni rangi ya anga. Juu ya Mirihi anga la mchana si samawati. Sentensi "anga la Mirihi si la samawati" ikitazamwa kwa asili ya neno, inasema kwamba mbingu za kule si za kimbingu. Hakuna kosa la kisarufi hapo, wala hakuna haja ya kulitupa neno. Lakini sentensi hiyo inafichua kwamba rangi ya samawati ilipimwa kwa anga la mahali fulani, la Dunia, na kipimo hicho kimo ndani ya neno hata pale msemaji anapokisahau. Waandishi waliozomea mwaka 1976 walikuwa wakikitumia kipimo hichohicho bila kukitaja.

Aidha, kivumishi -ekundu kinastahili kuangaliwa. Mirihi huitwa sayari nyekundu, na msomaji anayefikiria wekundu wa damu hushangaa anapoona picha zilizokadiriwa kwa uangalifu, kwani humo ardhi ni ya kahawia yenye umanjano. Kwa Kiswahili mshangao huo unaweza kupungua. Udongo mwekundu wa barabarani, unaotimka nyuma ya basi na kushika nguo, haufanani na damu. Ni kahawia yenye kutu. Msemaji anayeuita mwekundu hakosei, kwa kuwa -ekundu ni kivumishi kipana kinachobeba rangi nyingi za joto. Kwa maana hiyo ya udongo, Mirihi ni nyekundu, na Kiswahili kilikuwa tayari na neno lenye upana unaofaa.

6.0 Suala la istilahi

Ugumu mkubwa zaidi umo katika kufasiri majina ya aina za picha. Picha iliyoundwa kwa vichujio visivyolingana na jicho mara nyingi hufasiriwa kuwa picha ya rangi bandia, au hata rangi za uongo. Tafsiri hizo zinafuata neno na kuiacha maana. Katika Kiswahili, kitu bandia ni kile kinachojifanya kuwa kingine: noti bandia, dawa bandia, vipuri bandia. Ndani yake imo nia ya kudanganya. Mwanafunzi wa sekondari anayesoma kwamba picha ya Mirihi ina rangi bandia ana haki ya kuuliza ni nani aliyeighushi na kwa faida gani. Hapo tafsiri itakuwa imezalisha shaka ambayo sayansi haikuistahili.

Mfano mwingine ni chembe za duara, za ukubwa wa milimita chache, ambazo Opportunity alizikuta mwaka 2004. Zina madini ya hematiti, na ni ushahidi muhimu kwamba maji yaliwahi kuwapo pale. Kwa Kiingereza zilipewa jina la utani la tunda dogo la buluu, kwa sababu katika picha za vichujio vya uchambuzi zilionekana za buluu, na baadhi zilichomoza katika mawe kama matunda katika mkate. Kwa jicho, ni za kijivu. Mfasiri akilileta jina hilo neno kwa neno, atapoteza mara mbili: msomaji wake halijui tunda hilo, na tena atapewa rangi isiyokuwapo. Gololi za hematiti lingekuwa jina la karibu zaidi, kwa kuwa kila aliyecheza gololi utotoni huyajua maumbo hayo, na jina hilo halidai rangi yoyote.

Kwa hiyo yanapendekezwa majina manne, yajadiliwe na wataalamu wa istilahi. Picha ambayo haijarekebishwa iitwe picha ghafi. Ile inayokaribia kile ambacho jicho lingekiona chini ya mwanga wa Mirihi iitwe picha ya rangi kadirifu, kwa kuwa neno hilo linakiri kwamba kuna ukadiriaji. Ile iliyorekebishwa ifuate mwanga wa Dunia iitwe picha ya rangi sawazishi. Na ile iliyotumia mawimbi yasiyoonekana au vichujio vya uchambuzi iitwe picha ya rangi wakilishi, maana kila rangi ndani yake huwakilisha kipimo fulani, kama vile rangi katika ramani zinavyowakilisha kina cha bahari bila mtu kudai kwamba bahari ina mistari. Istilahi "rangi halisi" ibakizwe kwa mjadala wa kifalsafa, au itumiwe tu pale mwandishi anapotaja halisi kwa nani na chini ya mwanga upi.

Huenda ikasemwa kwamba haya ni mambo ya sayari ya mbali. Hoja hiyo haina uzito. Picha zitokazo katika setilaiti, zinazotumika kuchunguza mashamba, misitu na mafuriko, mara nyingi huundwa kwa njia ileile, ambapo mimea yenye afya huonyeshwa kwa rangi nyekundu kwa kuwa huakisi sana infraredi. Mkulima au ofisa anayeambiwa kwamba ramani ya shamba ina rangi za uongo hataiamini. Akiambiwa kwamba nyekundu inawakilisha uhai wa majani, ataisoma.

7.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba hakuna picha ya Mirihi isiyopitia chaguo la vichujio, chaguo la mwanga na chaguo la maneno. Machaguo mawili ya kwanza hufanywa na wahandisi na wanajiolojia. La tatu, kwa wasomaji wa Kiswahili, hufanywa na mfasiri, mhariri na mwalimu. Spirit alinyamaza mwezi Machi 2010, na safari ya Opportunity ikatangazwa kuwa imekwisha mwezi Februari 2019. Visahani vyao vingali kule, vikifunikwa na vumbi kidogo kidogo, na kibao cha buluu kingali buluu chini yake.

Maneno nayo hushika vumbi. Kazi ya mwanaisimu ni kuyapangusa: kukumbusha kwamba samawati ilipimwa kwa anga gani, nyekundu kwa udongo gani, na bandia kwa hila gani, ili anayeyatumia ajue anapima kwa kitu gani kabla hajasema kwamba ameona.